Jinsi ya Kumpata Mwanasaikolojia Kisumu, Nakuru au Magharibi mwa Kenya, na Kuifikisha Tiba Mwisho

Malalamiko ni yale yale kila mara. "Nilienda, tukaongea saa nzima, nikalia, nikalipa, nikarudi nyumbani vile vile." Mwingine alienda mara mbili akaacha. Mwingine aliingia kwenye ofisi yenye bango kubwa kando ya barabara, akahubiriwa, akaambiwa asamehe wazazi wake, basi.

Wengi wao walikwama kwa sababu moja. Hakuna aliyewaambia mapema kwamba tiba ya kisaikolojia iliyothibitishwa kwa utafiti huwa na lengo, huwa na mbinu yenye jina, huwa na kazi ya kufanya nyumbani, na maendeleo yake hupimwa. Asiyejua hayo hawezi kutofautisha tiba na mazungumzo mazuri, na akiona wiki ya tatu hakuna kilichobadilika, anaona pesa yake imepotea.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni isiyoisha), wasiwasi uliopitiliza, kiwewe baada ya tukio baya, au hofu inayomfungia nyumbani. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, ya tisa haitawezekana.

Kama ni dharura, usisome zaidi

Ukiwa na mpango wa kujiua, au umeshajidhuru, nenda leo kwenye kitengo cha dharura cha hospitali yoyote ya kaunti ndogo au kubwa zaidi, na uende na mtu. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Kama unapigwa au umebakwa, laini ya bure ni 1195. Kama umebakwa, fika hospitalini ndani ya saa 72 ili upate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi.

Wapo wanaojificha kwa kuogopa kushtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mwambie daktari ukweli wote.

Mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine, au aliyekesha siku kadhaa akiwa na nguvu za ajabu na mipango mikubwa, anahitaji daktari wa magonjwa ya akili kwanza. Vivyo hivyo mtu anayekunywa chang'aa au pombe nyingine kila siku kwa wingi: asiache ghafla akiwa nyumbani, kwani mwili ukinyimwa pombe ghafla unaweza kushikwa na degedege. Aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali. Laini ya bure ya NACADA, 1192, hutoa ushauri kuhusu pombe na dawa za kulevya.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo ambalo hakuna mwingine nyumbani anayelitumia. Usiandike kwenye simu inayoshikwa na watoto au mwenzi wako.
- Kitambulisho, na uthibitisho kwamba umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali.
- Majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Njia rahisi ni kubeba pakiti zenyewe.
- Hesabu ya nauli na ada ya vikao visivyopungua 6. Mtu wa Bondo au Mbale anayekwenda Kisumu kila wiki mara nyingi hushindwa na nauli kabla ya kushindwa na ada, kwa hiyo piga hesabu hiyo sasa.
- Saa moja ya faragha kila wiki, na dakika 20 hivi kila siku.
- Mtu mmoja unayemwamini ambaye atajua unatibiwa. Mmoja anatosha.

Hatua ya 1: Jipime, uandike alama na tarehe

Kuna fomu ya maswali 9 iitwayo PHQ-9. Haina malipo, ina tafsiri ya Kiswahili, na ilishafanyiwa uchunguzi wa ubora wake hapa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Muulize muuguzi wa kliniki akupe nakala.

Fomu huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona huna maana, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kutotulia mwilini, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kutoka "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku". Jumla haizidi 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 hadi 14 ni za wastani, 15 hadi 19 ni nzito, 20 na zaidi ni nzito sana. Kwa wasiwasi kuna fomu dada ya maswali 7, GAD-7, yenye jumla ya 21. Ukifika 10 kwenye mojawapo, tafuta mtaalamu.

Sababu ya kufanya hivi kabla ya kumwona mtu yeyote ni kwamba kumbukumbu ya mgonjwa hudanganya. Mtu aliyeanza na 19 akashuka hadi 12 bado anajisikia vibaya, na atakuapia kwamba hakuna kilichobadilika. Daftari litamwonyesha vingine.

Onyo: swali la 9 likipata alama yoyote juu ya sifuri, usisubiri miadi ya wiki ijayo. Mwambie mtu leo. Na fomu haitoi jina la ugonjwa. Kazi hiyo ni ya mtaalamu.

Umemaliza hatua hii ukiwa na tarehe, alama, na sentensi moja inayosema tatizo limekuzuia kufanya nini. "Nimeacha kwenda chama tangu Pasaka" ni sentensi nzuri. "Niko down" haitakusaidia baadaye.

Hatua ya 2: Mwili upimwe

Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingoni, kisukari na uzazi wa karibuni vinaweza kuleta uchovu, huzuni au moyo kudunda. Baadhi ya dawa za ARV huvuruga usingizi. Muguka na miraa pia. Mwambie daktari au klinikal ofisa dalili zako zote, za mwili na za moyo, naye aamue vipimo gani vinafaa.

Ukipewa dawa za usingizi za jamii ya diazepam, uliza utazitumia kwa siku ngapi. Zikitumika muda mrefu mwili huzizoea, na kuzikatisha ghafla ni hatari. Nimeona watu wakizibeba mwaka mzima wakidhani ndiyo tiba ya wasiwasi. Sizo.

Hatua ya 3: Jua nani hufanya kazi gani

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari. Anaandika dawa na anaweza kulaza. Mwanasaikolojia wa kliniki anachunguza na kutibu kwa mazungumzo yenye mbinu, na haandiki dawa. Mshauri nasaha hushughulikia matatizo ya maisha, ndoa, msiba, na wengi wao wamefunzwa pia mbinu za tiba. Muuguzi wa afya ya akili ndiye utakayekutana naye kwanza kwenye hospitali nyingi za kaunti, na mara nyingi ndiye anayejua nani yuko zamu siku gani.

Dawa na mazungumzo havishindani. Sonona nzito mara nyingi hutibiwa vizuri zaidi kwa vyote viwili pamoja. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo usiziache wiki ya kwanza, na usiziache kwa sababu umeombewa kwenye krusedi. Omba, kanisa liwe nawe, na dawa uendelee kumeza hadi daktari aseme vinginevyo.

Hatua ya 4: Chagua mlango wa kuingilia

Kwa hospitali za umma, Kisumu kuna Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado tunaiita Russia, na hospitali ya rufaa ya kaunti mjini. Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ile PGH ya zamani. Gilgil pia kuna kitengo cha akili. Kakamega kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na kwa walio karibu na Eldoret kuna Moi. Kabla ya kupanda matatu, piga simu uulize kliniki ya akili ni siku gani na kama mwanasaikolojia huwapo siku hiyo. Siku ya daktari na siku ya mwanasaikolojia zinaweza kutofautiana, na hapo ndipo watu hupoteza nauli wakakata tamaa.

Kama unachukua ARV, anza kwenye CCC yako, yaani kliniki unakochukulia dawa hizo. Washauri wapo pale pale, faili lako wanalo. Ukiwa mwanafunzi Maseno, Egerton, Kabarak au Masinde Muliro, anza na ofisi ya ushauri ya chuo. Ukiwa umeajiriwa, uliza bima ya kazini inalipia vikao vingapi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uliza kituo chenyewe kama kina mkataba nayo na ni huduma gani ya akili inalipiwa pale, wagonjwa wa kutwa au waliolazwa tu.

Usimdharau asiye mwanasaikolojia ikiwa amefunzwa mbinu maalumu na anasimamiwa. Hapa Kisumu, utafiti uliochapishwa 2021 ulifuatilia wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi waliopitia ukatili wa kijinsia. Walipewa tiba ya mahusiano, IPT, na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Sonona na athari za kiwewe zilipungua. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa vikao 5 uitwao PM+, uliojaribiwa Nairobi, na wanaoutoa si lazima wawe wataalamu. Ukisikia mradi kama huo kwenye zahanati yako, chukua nafasi.

Hatua ya 5: Hakikisha leseni

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda Bodi ya kusajili watu wa kazi hii. Omba jina kamili la mtaalamu, namba yake ya usajili, na leseni ambayo muda wake haujaisha, kisha uthibitishe na Bodi. Kwa daktari wa magonjwa ya akili, anayesajili ni Baraza la Madaktari, KMPDC.

Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye leseni atakuonyesha ukutani. Anayekasirika, au anayesema "mimi nina kipawa", ondoka. Vyeti vya semina za siku mbili tatu vilivyowekwa kwenye fremu havihesabiki.

Hatua ya 6: Piga simu kabla ya kulipa

Dakika 10 za simu zinaokoa mwezi mzima. Andika maswali haya kwenye daftari uyasome kama yalivyo, maana ukiwa na wasiwasi utayasahau:

"Habari, daktari. Naomba kuuliza kabla sijaja. Mimi nina tatizo la kukosa usingizi na huzuni kwa miezi mitatu. Watu wenye shida kama yangu unawatibu kwa mbinu gani? Huwa ni vikao vingapi? Unapimaje kama mtu anaendelea vizuri? Unaweza kuongea nami kwa Kijaluo nikishindwa na Kiswahili? Ada ni ngapi, na kama sina yote kuna namna?"

Sikiliza jibu la mbinu. Kwa sonona na wasiwasi, jibu zuri litataja tiba ya fikra na mwenendo, CBT, au tiba ya kurudisha shughuli, au kwa sonona tiba ya mahusiano. Kwa kiwewe, litataja CBT inayolenga kiwewe au EMDR, tiba ya kumbukumbu mbaya inayotumia mwendo wa macho. Kwa hofu ya kitu fulani, litataja kukikabili hatua kwa hatua. Vikao mara nyingi huwa kati ya 8 na 20, kimoja kwa wiki, dakika 50 hivi. Akisema "nitajua nikikuona" kuhusu idadi kamili, hilo ni jibu la haki. Akisema hivyo kuhusu kila kitu, uliza tena, na akishindwa, tafuta mwingine.

Suala la lugha lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaweza kufanya kazi kwa Kiingereza siku nzima na bado msiba wake uko katika Kiluhya. Usikubali mkalimani awe ndugu yako. Utaficha jambo lile lile lililokupeleka.

Kama njia ni ndefu, uliza kama kikao cha kwanza kiwe cha ana kwa ana na vingine kwa simu. CBT kwa simu inafanya kazi. Tatizo ni faragha nyumbani: watu hukaa kwenye gari lililoegeshwa, au shambani mbali na nyumba, na inatosha. Uliza pia ujumbe wa M-Pesa utaonyesha jina gani la mpokeaji, ikiwa simu yako inasomwa na mwingine.

Hatua ya 7: Kikao cha kwanza

Kikao cha kwanza ni cha maswali. Utaulizwa kuhusu usingizi, pombe, familia, magonjwa, matukio mabaya, mawazo ya kujiua. Wengi hutoka wakisema "alinihoji tu". Ndivyo inavyopaswa. Fundi wa nguo hupima kwanza.

Toa daftari, mwonyeshe alama na ile sentensi yako. Kisha kabla ya kutoka hakikisha mambo matatu yamesemwa wazi: tatizo tunaliitaje, lengo ni nini, na tutalifikiaje. Lengo liwe la kuonekana kwa macho. "Nirudi kuuza sokoni Kibuye siku 4 kwa wiki" linaweza kupimwa. "Nipate amani" halipimiki.

Uliza kuhusu siri. Mtaalamu ana wajibu wa kuitunza, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Siri hiyo ina mipaka: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au amri ya mahakama. Mtaalamu mzuri hueleza hayo kabla hujaanza kufunguka. Miji yetu ni midogo, kwa hiyo kubalianeni pia mkikutana kanisani au sokoni itakuwaje. Kawaida yeye hatakusalimia hadi wewe uanze.

Kama tukio baya lilitokea juzi tu, ajali au mafuriko, usilazimishwe kusimulia kila kitu kwa undani katika kikao kimoja cha kikundi. Shirika la Afya Duniani halishauri mtindo huo. Siku za mwanzo mtu anahitaji usalama, chakula, ndugu zake na kusikilizwa anapotaka mwenyewe.

Akikushika vibaya, akikutongoza, akikuomba mkopo, akitaka mwanao amfanyie kazi, tiba imeisha. Lalamika kwa Bodi.

Hatua ya 8: Kazi ya nyumbani, ambayo ndiyo tiba yenyewe

Wiki ina saa 168 na kikao huchukua moja. Hapa ndipo wengi huanguka, na ndiyo maana nakaa hapa kuliko penginepo.

Tuseme mama mmoja anauza samaki. Sonona imemshika, anaamka saa 4, hasuki nywele, biashara amemwachia binti wa dada yake. Anasubiri moyo uwe mzuri ndipo arudi kazini. Tiba ya kurudisha shughuli inaanzia upande wa pili: anafanya kwanza, moyo unafuata baadaye.

Wiki ya kwanza anaandika tu alichofanya kila saa na alama ya moyo wake, 0 hadi 10. Jumanne saa 3 asubuhi: kulala, 2. Saa 10 jioni: jirani alikuja tukachambua mboga, 5. Mwanasaikolojia akiona ile 5 haiachi ipite. Wiki ya pili mama anapangiwa mambo mawili madogo yenye siku na saa: Jumatano saa 10 kuchambua mboga na jirani, Ijumaa saa 12 asubuhi kwenda Dunga, ufuoni kunakouzwa samaki, kuangalia bei bila kununua. Bila kununua ni muhimu. Kazi ikiwa kubwa itamshinda, na kushindwa kutamthibitishia kwamba yeye ni bure. Wiki ya tatu ananunua samaki wachache, anakaa sokoni kwa muda wa saa 2, anarudi.

Andika siku, saa, mahali na nani. "Nitajaribu kutoka zaidi" ni maneno ambayo hayajawahi kumtoa mtu kitandani.

Kwa hofu, kazi ni ngazi. Tuseme mwendesha boda boda aligongwa na lori karibu na Kondele. Mguu umepona, lakini pikipiki haigusi, na kila akisikia honi ya lori jasho linamtoka. Yeye na mwanasaikolojia wanapanga hali zinazomtisha, kila moja na alama ya hofu hadi 100. Kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa uani ni 30. Kuiwasha ni 40. Kuzunguka mtaani alfajiri ya Jumapili ni 55. Kwenda hadi steji ni 65. Kupita Kondele mchana bila abiria ni 85. Kubeba abiria pale pale ni 95.

Anaanza na 30, anarudia kila siku, na hapandi hadi hofu ya hapo imepungua. Kanuni ya kushika ni kutoshuka hofu ikiwa kileleni. Akikimbia wakati huo, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Akibaki, unajifunza kwamba moyo hudunda kisha ukatulia na lori limepita. Hapaswi kufanya mazoezi haya akiwa amelewa, wala akiwa amemeza dawa ya usingizi, wala kubeba abiria kabla hofu ya barabarani haijapungua kiasi cha kuendesha salama.

Kwa kiwewe cha ubakaji, mapigano au mauaji, usijipangie ngazi peke yako. Hiyo fanya na mtaalamu tu.

Kazi ya tatu ya kawaida ni kukamata wazo. Mwalimu wa Nakuru anaitwa ofisini na mkuu wa shule. Papo hapo anawaza "nafukuzwa", tumbo linamvuruga. Anaandika safu nne: kilichotokea, nilichowaza, ushahidi wa kuunga na wa kupinga, na wazo lenye haki zaidi. Asijilazimishe kuandika maneno matamu asiyoyaamini. "Labda anataka ratiba ya mitihani, kama wiki iliyopita" inatosha.

Hukufanya kazi ya wiki? Nenda hata hivyo. Kukosa kikao kwa aibu ya kazi isiyofanywa ndiyo njia ya kawaida ya kuacha tiba. Mwambie ilikushinda wapi, mtaipunguza.

Utajua hatua hii inakwenda vizuri ukiona daftari limechafuka: tarehe, alama, mistari iliyokatwa.

Hatua ya 9: Pima tena, na useme ukweli

Jaza PHQ-9 au GAD-7 kila wiki ya pili, kwenye ukurasa ule ule. PHQ-9 ikishuka kwa alama 5 ni mabadiliko ya kweli. Ikishuka nusu ya ulipoanzia, tiba inafanya kazi. Chini ya 5, dalili za sonona zimeondoka kwa sehemu kubwa.

Wiki 2 au 3 za mwanzo zinaweza kuwa ngumu kuliko kabla hujaanza, hasa kwa kiwewe na kwa ngazi ya hofu, kwa sababu umeacha kukwepa. Usiamue kuacha hapo. Subiri hadi kikao cha 6.

Kama kufikia cha 6 alama hazijasogea, usitoweke. Utamaduni wetu wa kumheshimu daktari hutufanya tuseme "naendelea vizuri" kisha tusirudi. Sema hivi: "Daktari, nimefanya kazi ulizonipa. Alama zilikuwa 17, leo ni 16. Naomba tuangalie kama tumeshika tatizo lenyewe, au kama nahitaji mbinu nyingine, au dawa." Mtaalamu wa kweli atafurahi, maana umempa kitu cha kufanyia kazi. Pengine kuna pombe hujaitaja, au kipigo nyumbani kinachoendelea, na hakuna zoezi la fikra litakaloshinda ngumi za kila Ijumaa. Hilo linahitaji mpango wa usalama kwanza.

Akijitetea, akikulaumu kwamba huna imani, omba rufaa na muhtasari wa maandishi uende kwa mwingine. Kubadilisha mtaalamu mara moja ni jambo la kawaida. Ukijikuta unabadilisha kila baada ya kikao cha pili, rudi hatua ya 8.

Hatua ya 10: Maliza kwa mpango

Usiache siku uliyojisikia vizuri. Sonona hupenda kurudi, na vikao vya mwisho ndivyo vinavyopunguza uwezekano huo. Kubalianeni kupunguza: kila wiki 2, kisha kila mwezi.

Kikao cha mwisho andikeni pamoja ukurasa mmoja. Juu, dalili zako tatu za mwanzo kabisa. Kwa yule mama ni kutosuka, kutopokea simu za dada, na kuamka saa 9 usiku bila kurudi kulala. Chini yake, shughuli zilizokuinua, kwa siku na saa. Chini zaidi, jina la yule mtu mmoja, namba ya kliniki, na alama ambayo ukiifikia utapiga simu bila kujadiliana na nafsi yako. Wengi huweka 10.

Mpe yule mtu mmoja nakala, umweleze dalili za mwanzo, kwani mara nyingi yeye ataziona kabla yako. Kama unatumia dawa, muulize daktari utaendelea nazo kwa miezi mingapi baada ya nafuu, na namna ya kuzipunguza. Kisha jaza fomu tarehe 1 ya kila mwezi kwa mwaka mzima, na uweke miadi ya kukaguliwa baada ya miezi 3 kabla hujatoka kliniki siku hiyo.